Sauti Yetu, Picha Yao: Kabla Hujaniuliza Kwa Nini Nasomea Filamu

Idi iliyopita mjomba wangu wa Ukunda aliniuliza mbele ya watu, sahani ya pilau mkononi: "Kwa hiyo ukimaliza hiyo digrii utakuwa unapiga picha za harusi?" Baraza zima likacheka. Mimi pia nikacheka, manake kwetu Wadigo mjomba hajibiwi ovyo. Lakini lile swali nililala nalo.

Nasomea filamu na animesheni Nairobi, mwaka wa tatu. Nyumbani ni Msambweni. Na kama wewe pia umewahi kuambiwa kozi yako ni mchezo wa watoto wa matajiri, au jambo lililoletwa juzi na simu, keti hapa kidogo. Hii kitu ina historia ndefu, na sehemu kubwa yake ilipitia karibu na kwetu.

Siku ile ile nilimfuata babu. Babu alifanya kazi kiwanda cha sukari cha Ramisi mpaka kilipofungwa 1988, na hadithi zake zote huanzia kwenye miwa na kuishia kwenye miwa. Nikamuuliza, babu, sinema ya kwanza uliiona wapi? Akasema hapa hapa Msambweni, uwanjani, kabla ya uhuru, yeye bado mtoto. Lori lilikuja jioni, shuka jeupe likatundikwa, mji mzima ukakaa chini mchangani.

"Ilikuwa inahusu nini?"

Akafikiri. "Sikumbuki. Mambo ya vyoo, nafikiri. Lakini yule msemaji!"

Kumbe pembeni ya lori kulikuwa na mtu na maikrofoni, anaitafsiri filamu kwa Kiswahili papo hapo. Anawasalimia wazee wa mji kwa majina. Mtu akijikwaa kwenye picha, yeye anaongeza chumvi. Babu akaanza kuigiza sauti yake, zaidi ya miaka 60 baadaye, na watoto wote wakamzunguka. Filamu yenyewe imemtoka kabisa kichwani. Msemaji yupo hai.

Nikarudi chuo nikaanza kuchimba. Ukitoka Msambweni, ukapita Lunga Lunga, ukavuka mpaka na kushika njia ya Tanga, kule bara kuna milima ya Usambara. Juu ya Korogwe pana mahali panaitwa Vugiri. Hapo, kati ya 1935 na 1937, kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Waliuanzisha watu wa baraza la wamisionari, pesa nyingi zikatoka kwa Carnegie huko Marekani, na waliouendesha ni Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu kama 35: minyoo, kilimo, kuweka akiba posta. Wakazipakia kwenye lori wakazungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Sasa sikia hapa. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Sauti ilichezwa kwenye santuri, pembeni, ili picha moja iweze kusemeshwa lugha tofauti kila linapofika lori. Yani tangu mwaka ule mpangilio ni huo huo: picha imepangwa na wao, sauti ndiyo inabadilishwa iwe yetu. Waafrika waliigiza mbele ya kamera na kusaidia kazi nyuma yake, lakini la kupigwa picha lilikuwa si la wao kuamua. Nyingi ya filamu hizo zimepotea. Chache zilizobaki ziko Uingereza.

1939 ikaja Colonial Film Unit, ya serikali yao. Mkuu wake, William Sellers, alikuwa ametoka kwenye kazi za afya Nigeria, na alikuwa na nadharia yake: Mwafrika haelewi sinema ya kawaida. Basi mpe picha ndefu, taratibu, bila kurukaruka, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hii ikawa ndiyo sheria ya kutengenezea filamu za "wenyeji" kwa miaka mingi.

Kuna kisa cha kuku ambacho utakikuta kwenye vitabu vya wasomi. Mwingereza mmoja, John Wilson, alieleza jinsi kijiji kimoja cha Afrika kilivyooneshwa filamu ya dakika kama tano kuhusu kuondoa maji yaliyotuama. Wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku. Wenye filamu wenyewe hawakujua kama ina kuku! Ikabidi waipekue picha kwa picha, na kweli, kuku aliyeshtuka anapita pembeni chini kwa sekunde moja hivi. Mwaka 1962 Marshall McLuhan, msomi mkubwa wa Kanada, akakichukua kisa hicho kitabuni kwake kuwa ushahidi kwamba watu wasiosoma hawaoni picha kama sisi tunavyoona.

Nilipoletewa hiki kisa darasani nilicheka peke yangu. Jamani, ukimwekea mtu dakika tano za afisa anayeokota makopo polepole, halafu kuku akaruka, macho yataenda wapi? Kila anayekata klipu za simu anajua: jicho hufuata kinachotikisika. Wale watu waliangalia vizuri kuliko waliotengeneza. Filamu ilikuwa mbovu, lawama ikapewa watazamaji.

Na ndiyo maana namrudia msemaji wa babu. Yeye ndiye aliyeokoa jioni. Ukimtafuta leo utampata kwenye kibanda cha video, kwa sauti ya DJ Afro akiwaongelesha wacheza karate wa Hong Kong Kiswahili cha mtaani mpaka unasahau ni Wachina. Waganda wana ma-VJ wao, Tanzania walikuwa na Lufufu. Hata sisi tunaochukua klipu ya mtu tukaweka maneno yetu juu, ni wajukuu wa yule yule. Ni ufundi, sikatai. Lakini huwa nawaza ni miaka mingapi tumekuwa hodari wa kusema juu ya picha ya mwenzetu.

Kamera ilichukua muda. Anne Mungai, aliyesoma pale Kenya Institute of Mass Communication, alitoa *Saikati* 1992. Kabla yake Sao Gamba alikuwa ametoa *Kolormask*, 1986. Hapo uhuru ulishapita miaka 23. Na sheria ya filamu ya nchi iliyokuwa ikitumika miaka yote hiyo iliandikwa 1962, bado tuko koloni. Animesheni nayo: *Tinga Tinga Tales*, iliyoonekana 2010, ilichorwa Nairobi, na vijana wengi wa Kenya walijifunzia kazi pale. Mtindo wa uchoraji umetokana na Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam. Hadithi za Afrika. Kampuni yenye mradi, ya London. Halafu mwaka 2012 Ng'endo Mukii akatoa *Yellow Fever*, kuhusu kujichubua ngozi, kama kazi yake ya kumaliza masomo Royal College of Art, na mtu wa Nairobi anaongea kwa picha alizozichora mwenyewe. Mimi hapo ndipo nilipojua nataka nini.

Ninachotaka ni Mwele. Najua wengi hata wa Kwale hamjui. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi aligombana na Waingereza 1895, na moja ya ngome zake ilikuwa Mwele, kwenye vilima vya huku kwetu. Agosti mwaka huo Admirali Harry Rawson alipanda na wanamaji akaivunja. Mwaka uliofuata Rawson huyo huyo akaipiga mizinga kasri ya Zanzibar, vile vita vya dakika kama 40 mnavyovipenda kwenye maswali ya chemshabongo. 1897 akaenda Benin, na zile shaba za Benin mnajua zilivyoishia. Mtu mmoja, miaka mitatu. Zanzibar na Benin zina filamu na mijadala. Mwele ina medali: askari walipewa nishani zilizochongwa "Mwele 1895" ukingoni, na mpaka leo watu Ulaya wanaziuza kwa mnada. Mbaruk alivuka kwa Wajerumani 1896 akafia Dar es Salaam 1910.

Na sitaki kumfanya shujaa wa katuni. Mazrui walikuwa na watumwa. Waliobeba mizigo kupanda Mwele, je, wao walikuwa upande wa nani? Hilo ndilo linalonikwamisha kwenye hati ya filamu, si kuchora.

Lililonikwamisha zaidi ni picha. Niliandikia hifadhi moja ya Ulaya nikiomba kutumia picha mbili za zamani za pwani yetu. Wakajibu kwa adabu sana, na bei ikiwa kwa pauni. Ni zaidi ya kodi yangu ya muhula. Basi nitachora, na sauti nitatafuta nyumbani, kwa wazee waliosikia kwa wazee wao. Wanapungua kila mwaka.

Juzi nimempigia babu. Amekubali nimrekodi akiwa msemaji, asimulie Mwele kwa ile sauti ya lori. Ameweka sharti moja tu: mjomba aje kushika taa.

Mjomba amekubali. Anauliza atalipwa ngapi.