Bahari Ilifika Tabora: Juu ya Istilahi za Historia ya Bahari

Mwaka 1960 wanahistoria wa nchi mbalimbali waliunda tume ya kimataifa ya kuchunguza historia ya bahari, na mwaka 1989 somo hilo likapata jarida lake la kimataifa. Mfasiri wa Kiswahili anayekutana nalo huona majina matatu mbele yake: historia ya ubaharia, historia ya usafiri wa baharini, na historia ya bahari. Yote matatu yanaeleweka. Swali ni lipi linalowaingiza watu wanaostahili kuingia, na lipi linalowaacha nje.

Ili kuyapima majina haya nimeona heri nisianzie Unguja wala Kilwa, ambako jibu ni jepesi mno, bali Tabora, mji ambao kwa reli uko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam.

Tuanze na nguo. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, walikuta bidhaa zikilipiwa kwa shuka na doti za merikani. Nguo hiyo ilifumwa Marekani, ikaletwa Unguja kwa merikebu, nyingi zikiwa za bandari ya Salem, kufuatia mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipopunguza nguo hiyo, nafasi yake ilichukuliwa na nguo za Uingereza na India. Jina merikani hata hivyo lilibaki, na doti tunayo hadi leo katika khanga. Kwa hiyo mfumaji wa Massachusetts na mkulima wa Unyanyembe walikuwa katika biashara moja, ingawa wa pili huenda hakuwahi kuiona bahari.

Aidha, biashara hiyo ilikuwa na saa yake, nayo ni pepo. Kaskazi ilivileta vyombo kutoka Arabuni na India, kusi ikavirudisha. Mnyamwezi naye alikuwa na saa nyingine, ya mvua na jembe, kwani alipenda kusafiri wakati wa kiangazi na kurejea kwake kulima. Mfanyabiashara wa Tabora, aliyechukua mali kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, alilazimika kuzipatanisha saa hizi mbili. Sioni namna ya kuliita jambo hili ubaharia. Wala neno usafiri halitoshi, maana ndani yake mna mkopo, kilimo na hali ya hewa.

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi kwa mfasiri, nami naomba tusimame kidogo. Pembe za ndovu zilifika pwani mabegani mwa watu. Mpagazi alichukua mzigo ambao mara nyingi ulifikia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa miezi kadhaa. Katika tafsiri nyingi mtu huyu hugeuzwa mtumwa. Ni kweli kwamba watumwa walipitishwa katika njia hiyo hiyo, na kwamba soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Msiba huo hauna haja ya kufichwa. Lakini Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi, ameonyesha kwamba Wanyamwezi wengi waliokuwa katika kazi hiyo walikuwa watu huru wenye ujira, waliojua kudai posho yao na kutupa mzigo wakidhulumiwa. Kumwita mtu huyo mtumwa ni kumnyang'anya kwa kalamu kile alichokilinda kwa miguu yake. Kumfuta kabisa, kwa sababu tu somo limeitwa la mabaharia, si afadhali sana.

Neno jingine linalotega ni hongo. Katika maandishi ya karne ya 19 hongo ni malipo ya njia, aliyopewa mtemi kwa haki yake ya kuruhusu msafara upite katika nchi yake. Ni ndugu wa ushuru wa forodhani. Leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa, na anayelitafsiri kwa maana ya leo huwafanya watawala wote wa njia ile kuwa wala rushwa.

Ng'ambo ya Tabora mambo yanazidi kuwa wazi. Mwezi Machi 1858 Speke alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi akitafuta kukodi jahazi la Hamid bin Sulayyim. Hakulipata, lakini jahazi lilikuwapo, katika maji baridi, katikati ya bara. Baadaye meli ambayo sasa twaijua kwa jina la Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapita Tabora juu ya reli, na ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915.

Kwa sababu hizo napendekeza historia ya bahari, ufupi wake ukiwa sehemu ya nguvu yake. Watakaosema kwamba litachanganywa na elimu ya mawimbi na samaki wakumbuke kwamba tunacho Chuo cha Bahari Dar es Salaam, na hakuna anayedhani kinafundisha mawimbi tu. Watakaosema kwamba bara halina bahari watazame Isaka, kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, ambako tunayo bandari kavu, na ulimi haukujikwaa.

Orodha ya istilahi ikishaandaliwa, pamoja na nahodha na rubani wa chombo napenda aingizwe kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara akishika bendera na kuijua njia.