Wastani Unaoficha Dhuluma
Watetezi wa utawala wa Makaburu, Afrika Kusini, walijigamba kwamba wastani wa mapato nchini humo uliyapita mapato ya nchi jirani. Hesabu hiyo ilimtia bwana na mtwana katika kapu moja. Mwaka 1969, katika migodi ya dhahabu, Mzungu alilipwa takriban mara 20 ya mshahara wa Mwafrika. Sheria ya 1950 iliandikisha watu kwa rangi. Hata penseli ilichomekwa nyweleni, nayo ikikwama, mwanamke aliweza kunyimwa uzungu, pamoja na shule, kazi na makazi. Nywele hazikuleta umaskini. Sheria hiyo, iliyofutwa 1991, ilikuwa miongoni mwa zilizouleta. Takwimu zisizotaja aliyepata na aliyenyimwa humvika dhalimu kilemba cha ukoka.