Mbinu ya Milford

Mbinu ya Milford ni utaratibu wa kuhakiki miswada ya hadithi za kubuni ndani ya kikundi cha waandishi. Jina limetokana na mji wa Milford, Pennsylvania, Marekani, ambako Damon Knight, Judith Merril na James Blish walianzisha mkutano wa waandishi wa hadithi za kisayansi mwaka 1956. Wanakikundi husoma mswada kabla ya kikao, kisha huketi duara na kutoa maoni kwa zamu, kila mmoja kwa dakika chache, bila kukatizwa. Mwandishi hunyamaza hadi wote wamalize, ndipo hujibu. Ukimya huo ndio nguzo ya mbinu: hadithi ikishachapishwa, mwandishi hayupo kumfafanulia msomaji, hivyo kinachopimwa ni maandishi, si nia ya mwandishi wala yeye mwenyewe. Mwaka 1968 Robin Scott Wilson alianzisha warsha ya Clarion, iliyotumia mbinu hiyo kuwafunza waandishi chipukizi. Mwaka 1972 James Blish na mkewe Judith walipeleka mbinu ya Milford Uingereza. Vikundi vya mtandaoni huifuata kwa simu ya video, au kwa maandishi tu. Kwa maandishi zamu hupotea, hivyo mratibu hulazimika kuweka tarehe ya mwisho ya kutuma maoni, na mara nyingi sharti kwamba anayetaka kusomwa asome kwanza kazi za wenzake.