Herufi Zisizo na Vijiguu na Majina ya Nchi ya Karatu

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa, aghalabu hutaja ngoma, mashairi, mavazi na methali. Ni mara chache tunapotaja sura ya herufi, ingawa mambo hayo yote yakisha kuandikwa hutufikia kwa njia ya herufi. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za herufi za chapa zisizo na vijiguu, na kuipima sifa yake ya kusomeka kwa urahisi kwa kutumia majina ya Karatu na Ngorongoro.

Vijiguu ni vile vijistari vifupi vinavyokata ncha za herufi, juu na chini, kama tunavyoviona katika vitabu vingi vya hadithi. Asili yake ni maandishi ambayo Warumi waliyachonga katika mawe. Mwaka 1816 msubu wa herufi wa London, William Caslon wa Nne, alionyesha herufi kubwa za chapa zisizo na vijiguu. Mwanzoni zilitumiwa hasa katika matangazo na vichwa vya habari. Mwaka 1916 Edward Johnston alikamilisha herufi za namna hiyo kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi ya London. Baadaye zikafuata Futura ya Paul Renner huko Ujerumani mwaka 1927, Gill Sans ya Eric Gill huko Uingereza mwaka 1928, na mwaka 1957 ile ya Max Miedinger wa Uswisi iliyokuja kuitwa Helvetica.

Sifa kuu ya herufi hizi ni kwamba mistari yake hulingana unene au hukaribia kulingana. Lakini si zote za ukoo mmoja. Herufi o ya Futura ni karibu duara la bikari. Katika Helvetica, midomo ya c na e imefumbwa kiasi, ilhali Gill Sans hufuata zaidi umbo la herufi za Warumi. Kwa wepesi wake, umbo lisilo na vijiguu ndilo analolipenda mchoraji wa mbao za maduka, mwenye brashi na rula tu mkononi.

Hata hivyo, wepesi wa kuchora si sawa na wepesi wa kusoma. Kijiguu kikiondolewa, huondoka pamoja nacho alama iliyotofautisha herufi na jirani yake. Katika Gill Sans, I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 karibu zote ni fimbo moja iliyosimama wima. Kwetu jambo hili si dogo, kwani sentensi nyingi za Kiswahili huanza kwa maneno kama "Ilikuwa" na "Ilinyesha". Majina mengi ya Kimaasai nayo huanza hivyo, kama vile Ilkisongo. Msomaji mzoefu hupita bila kujikwaa, maana maana ya sentensi humwongoza. Anayejifunza kusoma huona fimbo mbili. Johnston alilitambua tatizo hili mapema, akaikunja ncha ya chini ya l yake.

Nchi ya Karatu na Ngorongoro hutupa mtihani mgumu zaidi. Hapa hukutana Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kimaasai na Kidatoga vya jamii ya Kiniloti, Kiswahili cha Kibantu, na Kihadza cha kando ya Ziwa Eyasi kinachosimama peke yake. Kiiraqw huandikwa kwa sl, tl, hh na q, kama katika jina la kata ya Qurus. Sauti inayofanana na ayn ya Kiarabu huandikwa kwa mkwaju, yaani mstari ulioinama (/). Basi mkwaju huo ukiwekwa karibu na l isiyo na mkunjo, fimbo mbili husimama pamoja, moja wima na moja imeinama. Karani asiyeijua lugha huweza kuuacha mkwaju, akidhani ni kosa la chapa, na jina la mtu likapoteza sauti yake katika daftari. Kosa la namna hiyo hudumu: bonde la Oldupai limeitwa Olduvai katika vitabu vya dunia nzima kwa sababu ya herufi moja.

Taifa letu lilipotangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, lilikiri kwamba msomaji anayeanza ni mtu wa kuheshimiwa. Heshima hiyo yafaa ifike hadi kwenye herufi. Katika karne hii shirika la SIL limetoa bure herufi zisizo na vijiguu zilizochorwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, na likazipa jina la Kiswahili: Andika. Ndani yake a na g zina umbo lile lile ambalo mtoto huliandika kwa mkono, na kusudio la wachoraji ni kwamba herufi moja isidhaniwe kuwa nyingine.

Kwa hiyo mwalimu anayetayarisha mtihani au kitabu cha kusomea asiulize tu kama herufi ni nzuri. Kwanza aandike kwa herufi hizo Ilkisongo, Qurus, na majina ya wanafunzi wake mwenyewe, kisha ampe mtoto ayasome kwa sauti. Yakisomeka sawasawa, herufi hizo zinafaa. Yasiposomeka, atafute nyingine. Majina ya watoto yasibadilishwe.