Damu Si Yetu? Historia Fupi ya Mtoto wa Kulelewa



Juma hili tumeona vema tutafakari pamoja ukurasa wa historia usiosomwa sana: namna mtoto asiye na wazazi alivyopata watu wa kumwita wao katika nchi yetu. Kisa chake ni maneno tunayoyasikia kila inapotajwa habari ya kuasili mtoto kutoka makao ya watoto: damu si yetu, ukoo wake hatuujui. Husemwa kana kwamba ni mila ya wazee. Basi na tuwaulize wazee wenyewe.

Wangoni waliingia nchi hii ya Songea katikati ya karne ya 19, baada ya Zwangendaba kufariki huko Ufipa. Waliotoka kusini hawakuwa wengi. Falme za Mshope na Njelu zilijaa watu kwa njia ya vita: mateka kutoka kwa Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa na wengineo, watoto wakiwa miongoni mwao. Waliingizwa katika kaya za waliowateka, vijana wakaunganishwa na vikosi, na vizazi vilivyofuata vikajiita Wangoni. Ushahidi tunao vinywani mwetu, kwa maana Kingoni kisemwacho leo kina undugu na lugha za majirani zetu wa kusini kuliko na Kizulu. Mateka waliwazidi kwa idadi waliowateka, nao ndio mababu wa wengi wetu tuishio hapa Majengo. Hatusemi hayo kwa kuusifu uvamizi. Mtoto yule alinyang'anywa mama kwanza, ndipo akapewa mwingine. Lakini hoja ya damu safi, hapa Ungoni, haina mahali pa kusimama.

Kanisa nalo lilianza kazi yake pwani pamoja na watoto. Mwaka 1860 wamisionari wakiongozwa na Padre Fava walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, na mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakafungua misheni ya Bagamoyo. Wengi wa waliopokelewa huko walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, baadhi yao kwa kununuliwa. Walifundishwa dini, kilimo na ufundi. Walipokua walioana wao kwa wao na kupewa makazi katika vijiji vya Wakristo, kama kile cha Mhonda kilichoanzishwa mwaka 1877. Ilikuwa kazi kubwa, nasi tunaiheshimu. Hata hivyo tukubali jambo moja: watoto wale walipata chakula, shule na ubatizo, bali ukoo hawakuupata. Walibaki watu wa misheni.

Huku kwetu jaribu kubwa lilikuja na Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, ilichomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa hapa Songea, na kila mwaka tunawakumbuka. Wasiokumbukwa ni waliokufa kwa njaa, baada ya majeshi ya Kijerumani kuteketeza mashamba na maghala makusudi. Wajerumani wenyewe walikadiria Waafrika 75,000 walipotea katika eneo zima la vita; wapo wanahistoria wanaofikisha hesabu hiyo 250,000 au zaidi. Watoto waliosalia hawakuwa na ofisi ya ustawi wa jamii ya kuwapokea. Tegemeo lao lilikuwa mjomba, shangazi, bibi, na pale ambapo hao nao wamekufa, jirani aliyebakiwa na konzi ya mtama.

Mzigo huo huo uliwarudia bibi zetu wakati wa Ukimwi, uliogunduliwa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Kagera mwaka 1983. Tumewaona wazee waliokwisha kulea wakianza upya na wajukuu wanne, watano.

Ila huruma ya ukoo ina mpaka wake. Mtoto aliyelelewa bila utaratibu wa kisheria hupendwa maadamu aliyemlea yu hai. Siku ya arobaini ikipita, huambiwa shamba si la baba yake. Ndiyo sababu tunaithamini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hiyo imeweka njia mbili. Ya kwanza ni malezi ya kambo, ambapo mtoto anakaa katika familia chini ya uangalizi wa Ustawi wa Jamii. Ya pili ni kuasili, ambapo anakuwa mtoto wa nyumba hiyo kikamilifu, hata katika urithi. Zanzibar, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, imetambua pia kafala, malezi yanayokubalika kwa ndugu zetu Waislamu.

Makao tunayo, na masista wetu wa Chipole wanalea yatima kwa moyo usiochoka. Lakini sista mmoja mwenye watoto wengi hawezi kuwa mama wa kila mmoja wao peke yake, hata akiwa mtakatifu! Hayati Papa Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 5 Januari 2022 juu ya Mtakatifu Yosefu, aliwahimiza wanandoa wasiogope njia ya kuasili. Yosefu hakuwa na damu ya pamoja na Yesu. Alimpa jina, na kwa jina hilo Yesu akahesabiwa wa ukoo wa Daudi.

Wapo kati yetu wanandoa waliokaa miaka mingi wakiomba mtoto, na wapo watoto wanaolala wakiomba wazazi. Kwa wanaotaka kuulizia, pa kuanzia ni kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Manispaa. Maombi ya malezi ya kambo hupelekwa kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapa hapa Songea. Kwa kawaida mwombaji awe na umri usiopungua miaka 25, na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi.