Orodha ya ndege inaandikwa upya, tuwataje na watu wetu

Mwezi Juni 2025 wataalamu wa ndege duniani walitoa orodha moja waliyoipa jina AviList, yenye spishi 11,131. Kabla ya hapo kulikuwa na orodha kubwa kadhaa zilizopingana: ndege aliyehesabiwa spishi kamili katika orodha moja, nyingine ilimweka chini ya ndege mwingine. Nchi kama Tanzania, yenye zaidi ya spishi 1,100, inaguswa moja kwa moja. Kuanzia kunguru wanaopekua taka Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi ndege wa msituni ambao wengi wetu hatujawahi kuwaona, kila mmoja amepitiwa upya.

Kazi ya kuwaorodhesha ndege wetu ni ya zamani. Mwaka 1894 Mjerumani Anton Reichenow alichapisha kitabu cha ndege wa koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki. Mwingereza Reginald Moreau aliishi Amani, milima ya Usambara, kuanzia 1928 hadi 1946, na mwaka 1938 alimpa ndege mmoja wa Uluguru jina la mkewe, Winifred. Mwaka 1980 ikatoka orodha ya Afrika Mashariki iliyohaririwa na Britton, na mwaka 2002 kitabu cha Stevenson na Fanshawe ambacho waongoza watalii wengi hutembea nacho hadi leo.

Lakini kisa kinachostahili kusimuliwa kwa kirefu ni cha kwale wa Udzungwa.

Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Inasimuliwa kwamba siku moja waliangalia ndani ya sufuria ya mboga kambini wakaona miguu ya ndege wasiyemfahamu. Haikuwa miguu ya kuku wala ya kanga. Walipomfuatilia mwenye miguu hiyo msituni, wakamkuta kwale ambaye hakuwamo katika orodha yoyote duniani. Mwaka 1994 Lars Dinesen na wenzake wanne walimtangaza katika jarida la Ibis kwa jina la Xenoperdix udzungwensis. Hakuwa spishi mpya tu. Ilibidi aundiwe jenasi yake mwenyewe, kwa sababu ndugu zake wa karibu hawapatikani Afrika. Wako katika misitu ya Asia, ushahidi kwamba milima yetu imehifadhi ukoo wa kale sana.

Jambo halikuishia hapo. Kwale wa aina hiyo walionekana pia milima ya Rubeho, na mwaka 2003 Jon Fjeldså na Jacob Kiure waliwaeleza kama tawi la kwale yule yule wa Udzungwa. Miaka miwili baadaye Rauri Bowie na Fjeldså walilinganisha vinasaba na maumbile yao, wakasema hawa ni spishi mbili. Waandaaji wa orodha wakagawanyika: wapo waliohesabu kwale wawili, wapo waliobaki na mmoja. Ndege wa Winifred naye alipata mjadala wa namna hiyo mwaka 2009, pale Bowie, Fjeldså na Kiure walipowatenga wale wa Rubeho kuwa spishi ya peke yao.

Msomaji anaweza kuuliza mabishano haya yanamsaidia nani. Yanausaidia msitu. Spishi inayopatikana katika mlima mmoja tu ina uzito mkubwa zaidi mbele ya serikali na wafadhili kuliko tawi la spishi iliyoenea. Ukikosea kuhesabu, unaweza kupoteza ndege kabla hujajua kwamba ulikuwa naye.

Kunguru wa Gerezani yeye jina lake halijatikisika. Corvus splendens ameitwa hivyo tangu 1817. Kilichogeuka ni hadhi yake. Aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili asafishe mji, akazaana, akavuka hadi bara, na leo anatajwa miongoni mwa wageni waharibifu. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Dar es Salaam na Zanzibar zimetumia mitego na sumu kumpunguza, na mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Orodha nzuri humwambia mwananchi nani mwenyeji na nani mgeni.

Hapa ndipo tunapojiangusha. Tunawajua akina Reichenow na Moreau, lakini ni wangapi wamewahi kumsikia Salimu Asmani, aliyemkusanyia Moreau ndege? Nani aliyemtia kwale yule sufuriani Ndundulu? Wanakijiji walikuwa wakimla ndege ambaye sayansi ilikuwa haijamwona, na majina yao wengi wetu hatuyajui. Mtanzania Jacob Kiure alipotokea kama mwandishi mwenza, hiyo ilikuwa hatua ya kujivunia, nasi tulipaswa kuifuata kwa hatua nyingine nyingi.

Majina ya Kiswahili nayo yameachwa nyuma. Ndege wadogo wengi wanaitwa kwa jina moja la jumla, ingawa wakulima na wawindaji wa kila kabila wanayo majina mahususi ya ndege hao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wa wanyama, Makumbusho ya Taifa yana wahifadhi, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lina kazi ya kusanifu istilahi. Wakae meza moja, waandae orodha ya Kiswahili ya ndege wa Tanzania, wairekebishe kila sayansi inapobadilika, na kando ya kila jina waandike ni nani aliyemwona ndege huyo na katika kijiji gani. Mtoto wa Gerezani akifungua orodha hiyo shuleni, akute Watanzania ndani yake.