Sisi Sote Abiria

Kiyovu ni mtaa wa balozi, ofisi na nyumba kubwa za Kigali. Ukishuka kutoka huko kwa miguu kuelekea Nyamirambo, utafika Biryogo kabla hujachoka. Zamani hiyo haikuwa safari ya kila mtu. Mjerumani Richard Kandt alipouanzisha mji huu mwaka 1907, walifuatia askari na wafanyabiashara Waislamu waliosikilizana kwa Kiswahili. Msikiti wao, Al-Fatah, ulijengwa mwaka 1913, nao ndio wa kwanza nchini Rwanda. Wabelgiji waliposhika utawala, Waislamu wa mjini walitengewa makazi yao Biryogo, pakaitwa Kambi ya Waswahili, na kutoka humo kulihitaji kibali. Kiyovu kikabaki kilima cha Wazungu.

Hata leo, Mnyarwanda akisema "umuswahili" huenda anamaanisha Mwislamu, na huenda anamaanisha mtu mjanja asiyeshikika kwa maneno. Ni kejeli, lakini ndani yake mna sifa. Waswahili ni mafundi wa kusema jambo bila kulisema, na pwani walikotokea ufundi huo una nguo yake: kanga.

Itandaze moja mkekani. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani yale maneno. Leo kanga isiyo na jina ni kitambaa tu. Chukua hii iliyovaliwa miaka mingi, yenye jina "Sisi sote abiria dereva ni Mungu". Ukiisoma kwa haraka ni dua ya mtu aliyemtegemea Mola wake. Isome tena ukikumbuka daladala iliyojaza watu mpaka mlangoni, kondakta ananing'inia na breki zinalia, uone kama hutacheka. Anayekwenda nayo sokoni amebeba imani na mzaha katika mstari mmoja, wala havigombani.

Kanga ilizaliwa Zanzibar na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19. Wanawake walinunua leso, neno tulilorithi kwa Wareno, zikiwa bado zimeungana kwenye jora. Badala ya kuzitenga moja moja walikata sita kwa pamoja, wakazishona ziwe nguo moja pana. Madoadoa yake yalimkumbusha mtu ndege kanga, na jina likashika.

Nguo hii ilikuja na siasa yake. Mtumwa Zanzibar alivaa kaniki au merikani, akapita kichwa wazi. Utumwa ulipofutwa mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliikimbilia kanga: kipande kimoja cha doti, yaani cha jozi ya kanga, kiunoni, kingine kichwani na mabegani, kama Mwislamu mwenye heshima zake. Kujisitiri kukawa ibada, na papo hapo kukawa tangazo kwamba huyu si wa mtu.

Maneno yalifuata. Mombasa, katika barabara inayoitwa leo Biashara Street, Kaderdina Hajee Essak alifungua duka mwaka 1887. Watu walimjua kwa jina la Abdulla, na alama yake, "K.H.E. Mali ya Abdulla", bado inachapwa kwenye kanga. Yeye ndiye anayetajwa kuwa aliyeanza kuweka methali kwenye nguo, mwanzoni mwa karne ya 20. Maneno ya kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Za Kirumi zilikuja baadaye. Uchapaji wenyewe ulifanyika Uingereza na Uholanzi, kisha Japani na India, hadi viwanda vya nyumbani vilipopatikana, kama Urafiki wa Dar es Salaam uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Mchapaji wa Manchester hakujua hata neno moja la alichokichapa. Aliyejua ni mnunuzi.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Mwanamke anayepita mlangoni kwa jirani akiwa na "Hasidi hana sababu" mgongoni hajamtukana mtu. Akiulizwa atajibu kwamba alipenda rangi. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" huweza kukaa kabatini mwaka mzima, ikingoja siku ya harusi ambayo mlengwa atakuwepo.

Siku hizi majumba ya sanaa yanawashangilia wasanii kutoka nchi za Kiarabu wanaochanganya, kama kanga, dini, utani na vitu vya sokoni. Hassan Hajjaj, mzaliwa wa Larache nchini Moroko aliyehamia London akiwa kijana, amewapiga picha wanawake wa Marrakesh wakiwa juu ya pikipiki, wamevaa hijabu na majilbabu ya rangi kali yenye nembo za kampuni kubwa, na fremu za picha hizo amezipamba kwa makopo ya vyakula na soda. Chant Avedissian wa Cairo, aliyefariki mwaka 2018, alimchora mwimbaji Umm Kulthum kwa rangi juu ya makaratasi ya boksi. Kazi hizo ni nzuri na zinastahili sifa zake. Lakini kwa Hajjaj msanii ndiye anayechagua nembo, na aliyevaa anabaki kuwa picha. Kwenye kanga, aliyevaa ndiye msemaji.

Wala kanga haijazeeka. Barack Obama alipochaguliwa mwaka 2008, kanga yenye uso wake ilitoka ikimpa hongera, na chini pameandikwa "Upendo na amani ametujalia Mungu". Rais wa Marekani alipewa pindo na mji kama embe au korosho, na Mungu akatajwa bila kuitiwa mhubiri.

Tukirudi Kigali, Biryogo haina kibali tena mlangoni. Vibanda vya maskini vilivyokuwa chini ya kilima cha Kiyovu vilibomolewa, na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa mtaa wa Batsinda. Kiswahili, kilichokuwa lugha ya kambini, kilipanda kilima kwa njia nyingine: mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi ya nne ya nchi.